Zeituni za Kupaka Mkate Bila Samaki wala Uchungu

Swali: Mpishi, salamu. Kijana wangu amerudi kutoka chuoni na msimamo mpya: hagusi nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Kitu anachokipenda kwa chai ya asubuhi ni zeituni zilizosagwa, za kupaka kwenye mkate. Nilinunua mkebe wa zeituni nyeusi zisizo na kokwa, nikazitia kwenye blenda pamoja na mafuta ya zeituni na kitunguu saumu. Ukatoka uji mweusi, mchungu, tena chumvi tupu. Nimesikia kuwa zenyewe huwekwa samaki wa chumvi, na yeye samaki hali. Niweke nini badala yake? Na nikitengeneza nyingi nikafunga kwenye chupa, zitakaa miezi mingapi? – Mama, Nakuru.

Jibu: Mama, salamu zimefika, na hongera kwa kuingia jikoni kwa ajili ya kijana badala ya kubishana naye mezani. Nianze na samaki, kwa kuwa hapo ndipo wengi hupotelea. Usiweke chochote badala yake. Zeituni za kupaka zisizo na samaki hazijapungukiwa na kitu. Kilichoharibu zako ni aina ya zeituni ulizonunua, blenda, na namna mafuta yalivyoingia. Yote hayo yanarekebishika. Suala la miezi kwenye chupa ni zito zaidi, nami nitalirudia kwa kirefu kwa sababu linahusu usalama wa nyumba nzima.

Hao samaki uliowasikia ni wa tapenadi, chakula cha Marseille na vitongoji vya Provence, kusini mwa Ufaransa. Tapenadi ilipata sura yake ya sasa mwishoni mwa karne ya 19: zeituni nyeusi, kapari, mafuta, na samaki wadogo waliolazwa kwenye chumvi, ambao ni jamii moja na dagaa mchele wa Zanzibar. Ni chakula kizuri, lakini kwa umri ni mtoto. Cato, Mroma wa karne ya 2 kabla ya Kristo, aliandika katika kitabu chake cha kilimo jinsi ya kutengeneza zeituni za namna hiyo: toa kokwa za zeituni za kijani, nyeusi na zile zilizo katikati, katakata, kisha tia mafuta, siki, giligilani, bizari nyembamba, shamari, ruta na nanaa. Weka kwenye chungu, funika kwa mafuta, basi. Hakuna samaki hata mmoja, na nusu ya viungo hivyo ungevikuta leo kwenye duka lolote la viungo Mombasa. Waorthodoksi nao, Ugiriki na hata hapa kwetu Kenya na Uganda, hufunga Kwaresima bila nyama, mayai wala maziwa, na katika kufunga kwao zeituni ni chakula kinachoruhusiwa hata siku ambazo mafuta yake hayaruhusiwi. Kijana wako hakuzua jambo geni. Anakula cha zamani.

Sasa tuje kwenye mkebe wako, maana hapo ndipo kosa lilipo, na si lako, ni la lebo zisizosema waziwazi. Zeituni mbichi kutoka mtini hailiki. Ina kitu kiitwacho oliropeini, kichungu kiasi kwamba ukiuma moja utaitema hapo hapo. Kila zeituni uliyowahi kula imeondolewa uchungu huo, ama kwa kulazwa miezi kadhaa kwenye maji ya chumvi ikichachuka polepole, ama kwa kuloweshwa kwenye dawa kali ya kostiki soda kwa saa chache kisha kuoshwa. Njia ya kwanza huacha ladha: uchachu, harufu ya tunda, na uchungu mdogo unaopendeza. Njia ya pili ikitumiwa peke yake huondoa uchungu na kuondoka na ladha pia.

Zeituni nyeusi za mkebe, zile laini, nyeusi tii zote rangi moja, zinazong'aa, kwa kawaida hazikuivia mtini. Zilichumwa zikiwa za kijani, zikapitishwa kwenye kostiki soda, zikapuliziwa hewa mpaka zikawa nyeusi, kisha rangi ikashikizwa kwa chumvi ya madini ya chuma. Si sumu, na ni chakula halali kabisa. Lakini geuza mkebe usome orodha ya vilivyomo: ukiona E579, hiyo ndiyo chumvi ya chuma ninayoisema. Zeituni hizo zinafaa juu ya piza. Ukizisaga unapata weusi na chumvi, hakuna kingine cha kuubeba mkate. Ndiyo maana watu huzitafutia samaki, au kitunguu saumu kingi, au mchuzi wa soya, ili kuziba pengo ambalo zeituni nzuri isingekuwa nalo.

Tafuta za kwenye chupa, zenye kokwa ndani. Kalamata za Ugiriki ni rahisi kutambua: zina rangi ya zambarau iliyokolea kama biringanya, ncha iliyochongoka, na maji yake huwa na siki kidogo. Ni ghali, lakini robo kilo yatosha nyumba nzima. Zikikushinda bei, chukua za kijani za kawaida zenye kokwa, za Hispania au Misri, na utapata kitu kizuri cha namna yake. Nyeusi nyingine nzuri ni zile zilizokunjamana kama zabibu kavu, zilizokaushwa kwa chumvi. Zina ladha nzito sana, kwa hiyo changanya na nyingine, nusu kwa nusu. Epuka zilizojazwa kitu katikati. Za Hispania mara nyingi hujazwa wale wale samaki wa chumvi waliosagwa, nyingine jibini, na kwenye chupa hutaona tofauti na zile zenye pilipili nyekundu.

Kwa nini nasisitiza kokwa? Zeituni iliyotobolewa kiwandani imekaa ndani ya maji ya chumvi ikiwa na tundu, kwa hiyo chumvi imeingia pande zote mbili na nyama yake imelegea. Kutoa kokwa nyumbani ni kazi ya dakika kumi. Weka zeituni juu ya ubao, bonyeza kwa kitako cha kikombe kizito mpaka ipasuke, kokwa litatoka lenyewe. Ukimaliza, pitisha vidole kwenye nyama yote. Kipande cha kokwa kilichosahaulika huvunja jino, na nimewahi kukikuta hata kwenye chupa zinazodai kuwa hazina kokwa.

Chumvi nayo ina dawa yake. Gramu 100 za zeituni za kijani za maji ya chumvi zinaweza kuwa na karibu gramu 4 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku kutoka vyakula vyake vyote. Kwa hiyo loweka. Baada ya kutoa kokwa, zimwagie maji safi ya baridi, ziache nusu saa, mwaga, tia mengine, nusu saa nyingine. Onja. Zikiwa bado kali, rudia. Ukizidisha zitapooza, hivyo simama pale ambapo unaweza kula tatu mfululizo bila kutafuta maji. Kisha zikamue taratibu na uzikaushe kwa kitambaa safi. Wengi hupuuza hatua hii ya kukausha, na maji yaliyobaki ndiyo yanayogeuza mseto kuwa uji. Na katika hatua yoyote inayofuata, usitie chumvi. Kama nyumbani kuna mwenye presha, mpakie kidogo tu, kwa sababu hata baada ya kuloweka bado hiki ni chakula cha chumvi.

Kuhusu kapari: ni vitumba vya maua ya kichaka cha nchi za Mediterania, vinavyochumwa kabla havijafunguka na kulazwa kwenye siki au chumvi. Huuzwa kwenye vichupa vidogo katika maduka makubwa. Hivi ndivyo vinavyoleta ukali na harufu ambayo watu hudhani ni ya samaki, na ukivipata, vijiko viwili vikubwa vinatosha kufunga mjadala wa samaki kabisa. Visuuze kwanza. Usipovipata, usihangaike: chukua kipande kidogo cha achari ya ndimu ya kwetu pwani, ile ya ndimu zilizolazwa kwenye chumvi, toa mbegu, katakata ngozi yake iwe ndogo sana, kijiko kimoja cha chai. Soma tu kama si ile yenye pilipili nyingi na masala, kwani hiyo itafunika zeituni. Wako wanaopenda ukwaju mahali hapo. Mimi siutumii hapa, utamu wake huzima zeituni badala ya kuziinua.

Basi tutengeneze. Uwe na gramu 250 za zeituni zilizokwisha kutolewa kokwa, ambazo hutoka katika gramu 330 hivi zenye kokwa. Kapari vijiko viwili vikubwa. Punje moja ndogo ya kitunguu saumu. Maji ya limau kijiko kimoja kikubwa. Mafuta ya zeituni vijiko vitatu hadi vinne. Majani machache ya rozimari au thaimu, na pilipili manga ya kusaga.

Anza na kitunguu saumu, na umpe heshima yake kwa kumpunguza. Mponde ndani ya yale maji ya limau, umwache humo dakika kumi. Ule ukali unaobaki mdomoni siku nzima hutengenezwa pale punje inapopondwa, na uchachu wa limau huuzuia usikomae. Ukimponda pembeni kisha ukaja kumwagia limau, umechelewa. Na kuna sababu nyingine ya kutia punje moja tu: kitunguu saumu kibichi huzidi nguvu kadiri kinavyokaa, na zeituni za jana zenye punje tatu hazina ladha ya zeituni tena.

Kwa kusaga, weka blenda kando. Blenda huzungusha kwa kasi mpaka nyama yote inakuwa laini na kuvuta hewa, na kinachotoka ni kile ulichokipata. Zeituni za kupaka zinatakiwa ziwe na vipande unavyovihisi kwenye ulimi. Kinu kidogo cha mbao na mchi ndicho chombo bora, kile cha kupondea tangawizi: ponda kapari na rozimari kwanza, kisha ongeza zeituni kiganja kimoja kimoja, ukiponda na kusukuma ukutani mwa kinu, usitwange kama kisamvu. Dakika tano zinatosha. Huna kinu, tumia kisu kikubwa juu ya ubao na ukatekate mpaka kila kipande kiwe kidogo kuliko punje ya mchele. Na kama ni lazima blenda iwe kazini kwa sababu ya mikono kuuma, bonyeza na kuachia, bonyeza na kuachia, mara chache tu, ukikwangua pembeni kila mara, na bila tone la mafuta ndani.

Hilo la mafuta ndilo chanzo cha uchungu wako. Mafuta ya zeituni ya mkamuo wa kwanza, yale mazuri, yana vitu vichungu vilivyofunikwa na mafuta yenyewe. Ukiyapiga kwa visu vya blenda, yanapasuliwa kuwa matone madogo mno, na ule uchungu unatoka nje na kukaa kwenye ulimi. Mafuta yawe bora kiasi gani, blenda itayafanya yaonekane mabovu. Kwa hiyo yaingize mwishoni, kwa kijiko, kwa mkono. Mimina kijiko kimoja, koroga, kingine, koroga, mpaka mseto ushikane na uache alama ya kijiko nyuma yake. Kisha tia lile limau lenye kitunguu saumu, pilipili manga, na uonje. Kama bei ya mafuta ya zeituni inakuuma, nusu iwe ya alizeti. Ladha kubwa inatoka kwenye tunda lenyewe, mafuta kazi yake ni kushikamanisha na kulainisha.

Uache mseto upumzike saa moja kabla ya kupaka. Ladha za vitu vilivyopondwa hukutana baada ya muda, na utashangaa jinsi unavyotulia.

Nikushauri na jingine ambalo naamini kijana atalipenda kuliko hili. Huko Provence wana zeituni za kijani zilizosagwa na lozi, bila samaki. Sisi lozi ni ghali, lakini tuna korosho za Mtwara na za Kilifi. Chukua gramu 200 za zeituni za kijani zilizoloweshwa, na gramu 60 za korosho mbichi uzikaange bila mafuta kwenye kikaango kikavu mpaka zigeuke rangi kidogo. Ponda korosho kwanza ziwe chengachenga, ongeza zeituni, maganda ya limau yaliyokwanguliwa, majani ya giligilani na robo kijiko cha chai cha bizari nyembamba iliyokaangwa ikasagwa, kama alivyofanya Cato. Korosho hupunguza chumvi ya kila kijiko, huleta mafuta yake na ule ushibishaji ambao watu hudhani unatoka kwenye jibini. Kwa mtu aliyeacha nyama na maziwa, hiki kinashibisha kweli.

Angalia pia kile unachokipakia. Zeituni zitakuwa safi halafu mkate uwe na maziwa ya unga ndani, ambayo yapo katika mikate mingi ya dukani. Soma karatasi. Chapati za mafuta ya mimea hazina tatizo, zilizopakwa samli zina. Mofa za pwani zinafaa sana. Lakini pendekezo langu la dhati ni muhogo wa kuchemsha, ule wa unga unaopasuka wenyewe, ukiwa wa moto na zeituni za baridi juu yake. Viazi vilivyochemshwa na maganda yake vinafuata kwa karibu. Na kama unapenda kutia tone la mchuzi wa Worcester kwenye vyakula, kwa kijana huyu acha: ule wa asili una samaki ndani.

Sasa chupa na miezi. Mama, jibu ni hapana, usifunge zikae miezi. Zitengeneze kidogo, ziweke kwenye friji siku ile ile, zile ndani ya wiki moja.

Sababu ni bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Mbegu zake huishi udongoni, kwa hiyo ziko kwenye vitunguu saumu na kwenye majani. Juu ya meza hazina madhara, kwa sababu bakteria huyu hakui penye hewa. Lakini umfunike kwa mafuta, ndani ya chupa iliyofungwa, mahali pa joto na pasipo na uchachu wa kutosha, ataota na kutoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, na chupa yaweza isionyeshe dalili yoyote. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kwa sababu ya kitunguu saumu kilichowekwa kwenye mafuta bila kutiwa kwenye friji. Na mwezi wa Septemba 2011, Ufaransa kwenyewe, watu walilazwa mahututi baada ya kula zeituni za kijani zilizosagwa na lozi, kutoka chupa za mtengenezaji mdogo ambazo hazikuwa zimechemshwa ipasavyo. Ni chakula karibu sawa na kile nilichokuelekeza hivi punde, ndiyo maana sitaki ulipite jambo hili haraka.

Utauliza: mbona zeituni zenyewe zilikaa dukani mwaka mzima? Zilikuwa zinalindwa na chumvi na uchachu wa maji yake, tena kiwanda kimepima. Sisi tumezilowesha, tumeondoa ulinzi ule kwa makusudi ili ziweze kulika, kisha tukaongeza kitunguu saumu kibichi na kuzifunika mafuta. Kijiko cha limau kinasaidia, lakini nyumbani hatuna kipimo cha kujua kama uchachu umefika pale bakteria anaposhindwa. Baridi ndiyo kinga yetu.

Kwa hiyo tumia chupa safi iliyomwagiwa maji ya moto na kukauka kabisa, jaza, tandaza mafuta kidogo juu ili uso usikauke, funika, friji moja kwa moja. Chota kwa kijiko kikavu kila mara. Mafuta yakiganda na kuwa na chembe nyeupe, hayajaharibika, mafuta ya zeituni hufanya hivyo kwenye baridi. Toa chupa robo saa kabla ya kula yatayeyuka. Ukitaka za akiba, gandisha: jaza trei ya barafu, zikishaganda hamishia kwenye mfuko, na kila asubuhi unayotaka unayeyushia vipande viwili ndani ya friji usiku wake. Hapo miezi mitatu ipo bila wasiwasi. Kama umeme huwa unakatika kwa siku nzima mtaani kwenu, toa kitunguu saumu kabisa, tengeneza za siku mbili tu, na chakula kilichokaa kwenye friji isiyo na umeme mchana kutwa ukimwage bila kukionja. Na majirani wakizipenda wakakuomba uwauzie, wauzie za kula leo na kesho, zikiwa za baridi.

Ule uji wa kwanza, kama una zaidi ya wiki, utupe. Lakini zeituni za mkebe zilizobaki bado zina kazi: zisuuze, zikate vipande, ziingie kwenye rojo ya nyanya na vitunguu maji dakika kumi za mwisho, juu ya maharage au tambi. Moto na nyanya huzipa ladha ambayo peke yake hazina, na kijana atakula.